Saa ya Babu Mnamuuzia Nani?

Matanga yakishaanuliwa na kikao cha mirathi kikikaa, hesabu huanza na nyumba. Halafu shamba la kijijini, halafu pikipiki, halafu akiba ya benki kama ipo, halafu madeni. Watu wazima na akili zao watabishana hadi usiku juu ya mabati manane yaliyoegemezwa ukutani. Saa haitajwi. Marehemu kakaa nayo mkononi miaka na miaka, jasho lake limo katika kila pingili ya mkanda, na hakuna anayeuliza iko wapi. Mpaka siku moja kijana wa nyumba ile anatokea hapa kijiweni, anaitoa mfukoni, anauliza nani ana elfu ishirini ya haraka haraka.

Hapo ndipo mimi napiga msonyo. Mrefu, wa kusikika hadi kwa muuza vocha ng'ambo ya barabara.

Kijana wa watu simlaumu sana. Njaa inajulikana, na hakuna aliyemwambia kitu. Ameikuta imesimama ndani ya kopo la vifungo na funguo za kufuli zilizokwisha kutupwa. Baba hakuwahi kumweleza, mama hakuulizwa, baba wadogo na mashangazi walikuwa kwenye mabati. Kwake yeye hicho ni chuma. Msonyo wangu unawaendea wakubwa, waliokuwa wanajua wakanyamaza.

Tuichukue hii hii Seiko 5, kwa kuwa ndiyo iliyotawala mikono ya wazee wetu, Tanga hadi Kigoma, Mombasa hadi Kisumu. Zipo nyingine, nazijua: Citizen, Orient, Rado ya mzee aliyejiweza, Roamer na Oris zilizokuja tangu siku za mkoloni. Lakini Seiko 5 ilikuwa saa ya mwalimu, ya karani wa reli, ya mkulima aliyeuza kahawa au pamba msimu ukamkubali. Kampuni yenyewe chimbuko lake ni duka alilofungua Kintaro Hattori mjini Tokyo mwaka 1881, na hii yenye tano ilianza kutoka 1963. Ile tano ni ahadi tano: ijijaze yenyewe mkono ukitembea, istahimili maji, ionyeshe siku na tarehe kwenye dirisha moja, kifungo cha kuirekebishia kikae kwenye namba 4 kisichome kiganja, na bodi na mkanda wake visichakae upesi. Mfanyakazi wa kawaida angeweza kudunduliza akaipata, na akishaipata alikuwa amemaliza habari ya saa mpaka kufa kwake.

Ndani haina betri. Kuna kipande cha chuma cha nusu duara kilichoshikwa katikati. Ukitembea, ukilima, ukipiga pasi, ukipunga mkono kumwita mtu, kinazunguka na kuikaza springi. Springi ndiyo inayozungusha magurudumu, na magurudumu yanazuiwa yasifyatuke na kidude ambacho kwa nyingi kati ya saa hizi hugonga mara sita kila sekunde, mara 21,600 kwa saa moja. Iwekeni sikioni mtaisikia. Kwa hiyo saa ile ilikuwa ikienda kwa mwendo wa mzee mwenyewe. Alipolala kitandani wiki zake za mwisho na mkono ukawa hauinuki tena, saa nayo haikumaliza siku mbili ikasimama. Halafu mtu ananiambia ni chuma!

Wengi wetu ndiko tulikojifunzia kusoma saa, kwenye mkono wa babu. Akikuonyesha akrabu ndogo ipo kwenye 1, anakwambia tazama namba iliyoelekeana nayo upande wa pili, soma saa saba. Mtoto aliyeshika mkono ule hana haja ya kuelezwa thamani yake. Lakini huyo mtoto sasa ana miaka sitini, na wanawe hawakuwahi kuushika.

Nitawapa mfano wa hapa hapa. Mzee mwenzetu mmoja, fundi cherehani mstaafu, alikuja na saa ya kaka yake marehemu. Tukaigeuza. Mgongoni kulikuwa na ukoko mweusi wa jasho na sabuni; tukausugua kwa njiti ya kiberiti hadi maandishi yakatokea. Kwanza namba ya mashine, 7009, kisha kistari, kisha namba ya bodi. Pembeni yake tarakimu sita za kiwandani. Sikilizeni hapa, maana hiki ni kitu cha kujua. Kwenye Seiko za zama hizo, alama ya kwanza kati ya zile sita ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Januari hadi Septemba huandikwa 1 hadi 9, Oktoba huonekana kama 0, Novemba ni N, Desemba ni D. Ya mzee ilianza na 8, ikafuatiwa na N. Novemba ya mwaka unaoishia na nane. Mashine ya 7009 ilitumika kuanzia katikati ya miaka ya sabini na kuendelea hadi miaka ya themanini, kwa hiyo ni 1978 au 1988. Kiwanda hakikuandika zaidi ya hapo.

Aliyekata ubishi ni dada yao mkubwa, kwa simu. Akasema saa ile anaikumbuka vizuri mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, watu wakawa wanatupa mali porini usiku kwa kuogopa kuulizwa wamezipata wapi. Saa ilinunuliwa kwa baharia, haikuwa na risiti. Mama yao akaifunga kwenye kitambaa, akaifukia ndani ya debe la mchele, ikakaa humo mpaka hali ilipotulia. Basi ni ya 1978, kwa kuwa ya 1988 isingeweza kufichwa miaka mitano kabla haijatengenezwa. Mzee mwenyewe hiyo habari ya debe hakuwa anaijua. Miaka ile alikuwa jeshini. Ndugu wa tumbo moja, na ilikuwa kwa dada peke yake! Angetangulia dada, tungebaki na saa ya Kijapani ya mwaka usiojulikana, iliyokuwa ya mtu fulani.

Sasa vijana mtaniambia mnasikia saa za zamani zina hela. Naam, nami nasikia. Oktoba 2017 mjini New York, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman kwa dola 17,752,500. Habari ile ilizunguka dunia nzima, na imetuharibia watoto wengi. Wanaona tarakimu tu. Hawaulizi kilichoipandisha bei. Newman alinunuliwa saa ile na mkewe, Joanne Woodward, na mgongoni mkewe akachongesha maneno ya kumtaka aendeshe gari kwa uangalifu, kwa sababu bwana yule alikuwa akishindana mbio za magari. Baadaye Newman akampa kijana aliyekuwa mpenzi wa binti yake. Daytona za aina ile zipo nyingine duniani. Yenye maneno ya mke yule kwa mume yule ni hiyo moja, na kila mkono uliopitia unajulikana.

Seiko ya baba yako haitafika huko, wala usijidanganye. Na ndipo wengi wanapoharibu: wanaipiga picha, wanaituma kwa mnunuzi, wanajibiwa elfu arobaini, wanavunjika moyo, wanaona basi haina maana. Elfu arobaini ni bei ya Seiko yoyote iliyochoka. Hiyo yako ina debe la mchele ndani yake, na mnunuzi hawezi kulilipia kwa sababu si la kwake. Mwenye hasara akiuza ni wewe tu.

Zipo familia, sikatai, ambazo fedha imo kweli. Sultan Qaboos aliposhika nchi Oman mwaka 1970, Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar walirudi kule wakashika kazi za serikali, na Rolex na Omega zenye alama ya jambia la Oman usoni zilikuwa zikitolewa zawadi. Wakusanyaji leo wanazitafuta kwa udi na uvumba, na kwa sababu hiyo hiyo za kughushi zimejaa. Kama babu yenu wa Muscat alipewa moja, msitenganishe saa na boksi lake, na barua iliyokuja nayo, na ile picha aliyopiga akiwa ameivaa. Familia nyingi hutunza saa zikachoma makaratasi siku ya kufagia chumba cha marehemu. Mnachoma ushahidi kwa mikono yenu wenyewe!

Haya, tuje kwa mafundi, na hapa nitasonya kwa adabu kwa kuwa wamo mafundi saa ninaowaheshimu sana. Fundi wa kweli yule mwenye kisanduku cha kioo barazani, lenzi jichoni, vibisibisi vyembamba kwenye kopo, ni mtu wa kushikwa mkono. Wamepungua. Simu za mkononi zilipoingia kila mtu akawa anaangalia saa huko, mafundi wengi wakageukia kubadilisha vioo vya simu, na waliobaki wengi wao wanauza betri na mikanda. Kati yao wapo wanaofanya jambo baya kwa utulivu kabisa. Unamletea saa ya marehemu, anakwambia uiache hadi kesho. Kesho yake inakwenda vizuri, unalipa, unashukuru. Ndani ametoa mashine nzima ya asili akapachika nyingine iliyochoka iliyookotwa kwenye saa tatu zilizokufa, na ile nzuri imeshakuwa kipuri cha mtu mwingine. Jirani yangu lilimkuta hilo. Saa ya baba yake ilirudi uso ni ule ule, moyo si wake, naye alikuja kugundua miaka baadaye fundi mwingine alipoifungua.

Dawa yake ni rahisi na haigombanishi mtu. Mwambie fundi aifungue mbele yako. Toa simu yako uipige picha ndani, namba ya mashine ionekane. Ukiifuata, ifunguliwe tena uilinganishe. Kipuri chochote kilichobadilishwa, mwombe akurudishie cha zamani, hata kama kimevunjika. Fundi mwaminifu hatachukia. Anayechukia, nyanyuka na saa yako.

Na uso wa saa, jamani, uacheni! Saa imepauka, namba zimekuwa rangi ya chai, mtu anasema tuipake upya ing'are. Wakusanyaji wanazijua vizuri Seiko 5 zilizopakwa upya, nyingi zikitokea Mumbai, nyekundu na kijani za kuumiza macho ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa. Ukishapaka hakuna kurudi nyuma. Ule upaukaji ni jua la miaka yote aliyosimama mzee kituo cha basi. Kama ni kioo ndicho kilichokwaruzika, hilo lina tiba: kioo cha plastiki husuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini, taratibu, mikwaruzo midogo inaondoka. Kioo kigumu cha Seiko kilichoandikwa Hardlex hakisikii dawa hiyo, lakini fundi anaweza kukibadilisha, na kile cha zamani ukakiweka.

Jambo moja la hatari nilitaje kabla sijalisahau. Saa za zamani sana, za kabla ya miaka ya sitini, zile zilizokuwa ziking'aa gizani, nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'aro umekufa siku nyingi. Mionzi haijafa, maana radiamu huchukua miaka 1600 kupungua kufikia nusu yake. Ikiwa imefungwa na kioo chake kizima, itunzwe. Mtu asiifungue na kuzikwangua zile namba, wala mtoto asipewe achezee.

Wapo pia wanaodhani heshima ni kuifungia kabatini ndani ya soksi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, ile mipira inayozuia maji ikishakauka unyevu unapenya, kutu inaanzia kwenye kifungo cha pembeni na kuingia ndani polepole. Mafuta nayo yanaganda. Saa iliyolala miaka kumi, ukiikurupusha na kuivaa siku ya harusi, vyuma vinasagana vikavu. Kwanza isafishwe na kutiwa mafuta mapya, halafu ivaliwe. Ya betri, kama haivaliwi, itolewe betri isije ikavuja ikala mashine. Mimi nasema ivaliwe. Ya otomatiki hasa, haina namna nyingine ya kuishi. Mzee hakuinunua iangaliwe.

Turudi kwenye mirathi, maana ndiko lilikolala tatizo lenyewe. Kwa Waislamu, kinachobaki baada ya gharama za maziko, madeni na wosia ndicho kinachogawiwa, na wosia hauzidi theluthi, wala haupiti kwa mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Saa ni mali, imo katika hesabu hiyo, na haikatiki vipande. Kwa hiyo mtoto anayeichukua kimya kimya siku ya msiba amechukua cha wenzake, hata kama alikuwa kipenzi cha baba. Na wanaoichukua kimya kimya ndio wengi. Nimeona ndugu wawili hawasalimiani, na ukichimba unakuta kiini ni saa iliyotoweka mkononi mwa marehemu kati ya wodi na nyumbani.

Njia ya halali ipo na ni nyepesi. Mzee akiwa bado mzima wa afya na akili zake timamu, anampa anayemtaka, anamkabidhi mkononi, watu wanashuhudia. Hiyo ni hiba, imekwisha, haingii tena kwenye mirathi. Kwa wanaotumia wosia wa kuandika, iandikwe humo kwa jina lake: saa aina fulani, namba fulani mgongoni, apewe fulani. Na kama mzee amekwisha kutangulia bila kusema, basi iwekwe mezani siku ya kikao, itiwe kwenye orodha ya mali pamoja na hayo mabati yenu, muulizane nani ataivaa, wengine waridhie waziwazi au wafidiwe. Haichukui hata nusu saa. Mnashindwa nini?

Na kwa nini kila mara ni mtoto wa kiume? Hili linanikera kuliko yote. Binti ndiye aliyemwogesha baba, ndiye aliyemvua saa kila jioni akaiweka juu ya redio na kumvalisha asubuhi, ndiye anayejua ilinunuliwa lini na kwa nani. Halafu siku ya kugawa anaambiwa saa ni kitu cha kiume, anapewa kaka aliyekuja na basi la mwisho, na mwezi haujaisha iko hapa kijiweni inatafuta elfu ishirini. Bodi la Seiko ya miaka ya sabini si kubwa kiasi hicho, linakaa vizuri kwenye mkono wa mwanamke. Punguza pingili mbili za mkanda, na zile pingili zisitupwe. Katika ile habari ya debe la mchele, aliyeiokoa saa ni mama na aliyeitunza habari ni dada. Sisi wanaume wote tulikuwa hatujui. Mzee fundi cherehani alilielewa hilo kabla sijalisema, na saa ile ameipeleka kwa binti wa huyo dada, imesafishwa, na karatasi yenye maelezo yote ameikunja ndani ya boksi.

Basi wewe ambaye baba yako bado anavuta pumzi, au babu, au mama aliyerithi ya mumewe, nenda wiki hii. Chukua daftari. Muulize aliinunua wapi, kwa nani, alikuwa anafanya kazi gani wakati huo, na ni siku gani hatasahau akiwa ameivaa. Igeuze, uandike na namba za mgongoni. Halafu mwombe kwa heshima, ndugu zako wote wakiwa wamekaa, ataje mwenyewe kwa kinywa chake anampa nani.